Kafi la Pili

Mvuvi wa visiwani haingii chomboni na kafi moja. Huchukua la pili akalilaza chini, na kando yake huweka upo wa kufua maji. Vitu hivi havisogezi chombo hata shibiri moja maadamu bahari ni shwari, lakini anayevisahau hujulikana kwa ugeni wake. Desturi hiyo ya pwani yafaa kupelekwa bara, hadi milima ya Kagera, ikapimiwe jambo ambalo kwa juu juu halihusiani nayo: safari ya majini ya siku kadhaa kwa mtu mwenye kisukari.

Songambele imo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya migomba na mibuni, na magharibi ya wilaya hiyo Mto Kagera huchora mpaka wa Tanzania na Rwanda, ukipita penye mafunjo kabla ya kugeukia mashariki na kuishia Ziwa Viktoria. Jina la mahali ni amri: songa mbele. Na achukuliwe kijana wa kufikirika wa huko, ambaye kongosho lake limeacha kutengeneza insulini na ambaye riziki yake ni mtumbwi. Je, amri hiyo yamhusu naye, au ameandikiwa kukaa ukingoni?

Kabla ya mwaka 1922 swali hilo lisingeulizwa. Mtoto aliyepatwa na kisukari cha aina ya kwanza alihesabiwa siku tu. Januari ya mwaka huo, mjini Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alidungwa insulini iliyotolewa katika kongosho la mnyama, na baada ya dawa hiyo kusafishwa zaidi akapata nafuu. Haki za uvumbuzi huo ziliuzwa kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja moja, ili dawa isiwe mali ya mtu mmoja. Tangu hapo mwenye maradhi haya aweza kuishi. Lililobaki ni kuuliza ataishi vipi.

Kupiga kafi ni kazi ya misuli, na msuli unaofanya kazi huvuta sukari ya damu hata insulini ikiwa kidogo. Kipimo kinachomfaa mtu aliyeketi dukani chaweza kumwangusha aliyeshika kafi tangu alfajiri. Wala hatari haiishi jioni, kwani misuli hujaza ghala lake usiku, na sukari yaweza kushuka saa nyingi baada ya mtumbwi kufungwa. Jasho, kutetemeka, njaa ya ghafla, kisha akili kuvurugika: majini dalili hizi hufanana mno na uchovu wa kawaida. Tiba yake ni sukari ya haraka, gramu 15 hivi, yaani vijiko vidogo vinne vilivyokorogwa katika maji. Kisha kungoja dakika 15 na kupima tena. Chakula cha kushikilia hufuata baadaye.

Pampu ya insulini hurahisisha hesabu hiyo. Ya awali, iliyobuniwa Marekani katika miaka ya 1960, ilibebwa mgongoni kama shanta. Ya leo hukaa mfukoni. Hutoa insulini ya haraka kidogo kidogo, mchana na usiku, kwa kanula iliyo chini ya ngozi, na mwenyewe aweza kuipunguza mapema kabla ya kushika kafi. Dawa ya sindano ikishaingia hairudi. Lakini pampu haitumii insulini ya muda mrefu, kwa hiyo mwili hauna akiba. Jasho likibandua kanula, au betri ikiisha, ndani ya saa chache sukari hupanda na damu hujaa ketoni, ambazo zisipotibiwa huua. Aliyedunga insulini ya muda mrefu jioni bado ana bakaa mwilini asubuhi. Kwa hiyo mwenye pampu naye hana budi kubeba sindano, vichupa na kipima sukari katika chombo kisichopenya maji. Hilo ndilo kafi lake la pili.

Kijana wetu wa Songambele, aliye mbali na bei za pampu, anasumbuliwa zaidi na joto. Insulini hutunzwa baridi, na jokofu halipandi mtumbwi. Hapa kuna habari njema kutoka Dagahaley, kambi ya wakimbizi iliyo kaskazini mashariki mwa Kenya. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka baina ya nyuzi 25 na 37 haikupungua nguvu kuliko ile ya jokofuni. Hiyo si ruhusa ya kuiacha juani. Mtungi wa udongo nyumbani, na safarini mfuko uliofungwa kitambaa chenye unyevu, kivulini panapopita upepo, ndio ulinzi wake.

Limebaki la mwenzi. Chombo hakiendi ikiwa kila mtu anapiga makasia yake, na mwenye kisukari anayeficha hali yake kwa kuchelea kunyimwa nafasi mtumbwini amejiondolea msaada wa kwanza. Mwenzake akijua sukari imefungwa wapi, na kwamba aliyezimia hamiminiwi kitu kinywani bali hukimbizwa kwa tabibu, wote wawili wamesalimika zaidi.

Basi amri yamhusu kijana huyo. Atapunguza kipimo kwa ushauri wa mganga wake, atapima, atakula, atasonga mbele. Lakini kuna kafi moja asiloweza kulichonga mwenyewe: kichupa kilichopo kituo cha afya siku anayokihitaji, kwa bei anayoimudu. Dawa iliyouzwa kwa dola moja isimshinde mtu wa mtumbwi zaidi ya miaka 100 baadaye.