Barieri ya Mvua

Jumapili iliyopita kijana wangu aliyeko Montreal alinipigia simu. Hapa Butembo ilikuwa saa tatu usiku, kwao mchana mweupe. Alitaka nione gari alilonunua: gari la chini, la milango miwili, la kukimbia, ambalo nguvu yake yote iko kwenye magurudumu ya nyuma. Theluji ilikuwa imelifunika hadi kwenye vioo. "Papa," akaniambia, "hii motokari inanishinda. Nikigusa mafuta kidogo tu, nyuma inataka kupita mbele." Nikacheka mpaka mama yake akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kumetokea nini.

"Nyuma umebeba nini?" nikamwuliza.

"Sijabeba kitu."

"Basi weka magunia mawili."

"Ya nini, Papa?"

Ulimi ulitaka kusema ya maharagi. Nikamwambia ya mchanga, maana kule sijui maharagi wanauza bei gani. Tulipoagana sikupata usingizi. Nilikaa na birika langu la chai nikimsikia marehemu baba mdogo akiongea kana kwamba yuko kiti cha pili.

Theluji sijaikanyaga maishani mwangu. Naijua kwa macho tu, kama anavyoijua mtu yeyote aliyewahi kulala Beni: ukiamka mapema baada ya mvua ya usiku, kabla mawingu hayajapanda, unaiona juu ya Ruwenzori, nyeupe, ya mbali, kama shuka lililoanikwa. Lakini ule mtelezo ambao kijana wangu anaulalamikia, huo naujua tangu nikiwa na miaka kumi na sita. Sisi tulifundishwa na udongo mwekundu wa kati ya Butembo na Beni.

Motokari yetu ilikuja mwanzoni mwa 1973. Kumbuka, mwaka uliotangulia Idi Amin alikuwa amewapa Waasia wa Uganda siku tisini waondoke, na watu walioambiwa waache nyumba zao hawakuwa na muda wa kubishana bei ya gari. Baba mdogo alikuwa akipeleka kahawa upande wa Kasindi, mpakani na Uganda. Siku moja akarudi bila kahawa, bila pesa, akiwa amekaa ndani ya Ford Capri ya rangi ya machungwa yaliyoiva. Mtaa mzima ulitoka. Watoto waliipapasa kama ng'ombe mgeni. Mama mdogo aliizunguka mara mbili, akauliza swali moja tu: "Milango ya watoto iko wapi?"

Tena usukani ulikuwa upande wa kuume, kama ilivyo Uganda, na huku kwetu tunaendesha kwa mkono wa kuume. Kwa hiyo shofere akitaka kulipita lori hakuona mbele chochote ila sanduku lake. Ndivyo nilivyopata kazi. Nilikaa kushoto, natoa kichwa dirishani, nachungulia, kisha napiga kelele: "Pita!" au "Rudi!" Vumbi la kiangazi lilinijaa masikioni, na matope ya masika yalinipaka uso mzima. Nilijiona mtu mkubwa kuliko gavana.

Pasaka ya mwaka ule tulikaa kuizunguka redio, tukitafuta Nairobi katikati ya miluzi ya masafa mafupi. Mbio za magari za Safari zilikuwa zikiendelea, na Pasaka, unajua, ni wakati wa mvua. Aliyeshinda ni Shekhar Mehta, akiendesha Datsun 240Z, gari la chini la milango miwili, la kusukumwa na nyuma vilevile kama letu. Yeye na Harry Källström walimaliza pointi sawa, ikabidi waangalie ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baba mdogo alipiga goti lake kwa kofi. Mehta alikuwa mzaliwa wa Kampala, na jamaa yake walikuwa miongoni mwa waliofukuzwa. Kuanzia siku ile baba mdogo hakutaka kusikia mtu akisema kwamba gari kama lile si la barabara zetu. "Mwenzangu amelipitisha kwenye matope ya Kenya," alisema, "mimi nishindwe na haya ya Maboya?"

Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Butembo iko juu, kwenye mita zaidi ya 1,700, kwenye baridi na harufu ya mikaratusi. Beni iko chini, kwenye joto na msitu. Kwa hiyo kwenda ni kushuka na kurudi ni kupanda. Tulishuka na kabichi, vitunguu na maharagi, tukapanda na mafuta ya mawese, mchele na ndizi. Wewe ambaye umeendesha barabara kavu tu utadhani kupanda ndiko kugumu. Hapana. Kwenye kupanda uzito wa gari unaegemea nyuma, juu ya magurudumu yale yale yanayosukuma, nayo yanashika. Kwenye kushuka uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi kama mkia wa kuku, na ukikanyaga freni tu, gari linageuka kutazama ulikotoka.

Baba mdogo alinifundisha mwenyewe, asubuhi moja ya Oktoba, kabla ya kufika Kabasha. Mvua ilikuwa imekatika usiku. Udongo ulikuwa unang'aa kama sabuni iliyolowa, na kila tairi lililokuwa limepita liliacha mfereji wenye maji ya rangi ya chai ya maziwa. Aliniambia nivue viatu. "Gari hili huliendeshi kwa macho," akasema. "Macho yanachelewa. Makalio yako ndiyo yanayojua kwanza kwamba nyuma imeanza kuondoka." Nikaondoka na vitesi ya pili, si ya kwanza, maana ya kwanza ina nguvu nyingi, inalipua magurudumu mahali pamoja. Mguu wa mafuta nikauweka kama mtu anayekanyaga yai. Tulikwenda vizuri, labda mita mia, kisha nikahisi, kweli kwenye makalio, kitu kinaniachia. Nyuma ikaenda kushoto. Mimi, kwa woga, nikakata usukani kuume. Tukazunguka polepole sana, bila kelele, nikaona mikaratusi ikipita mbele ya kioo mmoja mmoja, halafu mlima, halafu mwanamke mwenye kikapu cha viazi mgongoni, kamba kwenye paji la uso, amesimama anatusubiri tumalize. Tukatulia tukitazama Butembo.

Baba mdogo hakupandisha sauti. Alisema: "Nyuma ikikimbia, na wewe geuza usukani uielekee huko huko inakokimbilia. Usiikatalie." Yule mama akatupa salamu, akapita.

Siri nyingine ilikuwa magunia. Injini iko mbele, nguvu iko nyuma, basi lazima nyuma ipatiwe uzito. Magunia mawili ya maharagi yalitosha. Yakizidi, mbele inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi mikononi, unauzungusha na gari halisikii. Malori yalifunga minyororo kwenye magurudumu, nayo ilisikika kutoka mbali, chwali-chwali-chwali, kabla hujaliona lori lenyewe. Wadogo kama sisi tulikata matawi tukayatandika. Harufu ninayoikumbuka zaidi ni hiyo: majani ya mikaratusi yanayosagwa chini ya tairi la moto, ikichanganyika na embreaji inayoungua.

Lakini nilitaka kukusimulia barieri.

Wakati ule mvua ilikuwa na sheria. Ikianza kunyesha, mlinzi alishusha mti mrefu uliokatwa, akaulaza juu ya barabara, na hapo hapiti mtu, awe padri, awe mfanyabiashara, mpaka mvua ikatike na udongo unywe maji yake. Hiyo ndiyo barieri ya mvua. Lori moja likipita kwenye udongo uliolowa linaharibu kazi ya wiki nzima ya kantonye, wale wanaume wenye koleo waliopewa kila mmoja kipande chake cha kutunza mifereji. Basi tulingoja saa mbili, saa nne, wakati mwingine hadi kesho yake. Na palikuwa na raha gani! Akina mama walikuwa wameshaizoea ratiba ya mawingu. Radi ikinguruma tu, moto umewashwa, mahindi yako juu ya makaa, chai yenye tangawizi inachemka kwenye sufuria nyeusi. Mashofere walilala chini ya malori yao. Wazee walipitisha kasiksi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu. Na ukitaka kujua uko kwa Wanande, ita jina. Kwa kuwa sisi tunaitwa kwa kufuatana kuzaliwa, ukipaza sauti "Kasereka!" barierini, kwenye malori yote vinageuka vichwa kumi, na wa kumi na moja anaamka usingizini akidhani ni mama yake.

Hapo ndipo tulipokaa siku tuliyokuwa tumembeba bibi harusi. Familia ilitaka afike Beni kwa gari lenye heshima, wakaiomba Capri. Mlinzi alipoinua mti saa ilikuwa imekwenda, na baba mdogo, ambaye hakuwahi kuharakisha, siku ile aliharakisha. Kwenye mteremko nyuma iliondoka, akaigeuzia usukani vizuri kabisa, ila barabara ikaisha kabla ya mtelezo. Tukaegemea ukingo kwa upole, kama mtu anayeegemea ukuta. Wasindikizaji wakateremka kutoka kwenye lori la nyuma, wakavua viatu, wakatusukuma huku wakiimba. Magurudumu yalipopata kushika yalirusha udongo, na shela lote likawa na madoa mekundu. Nilidhani bibi harusi atalia. Shangazi yake akakata mgomba uliokuwa karibu, akaukamua, akamfuta uso na mikono kwa maji yake, taratibu, akimnong'oneza. Alipomaliza yule binti alisema neno moja tu, wasingya, yaani asante, akapanda. Alifunga ndoa na madoa yake. Shela lile alikataa kulifua.

Capri ilidumu nasi miaka kumi na mmoja. Kantonye waliacha kulipwa, koleo zikaenda mashambani, mifereji ikaziba, na barieri hazikuwa na cha kulinda tena. Mashimo yakameza malori. Zikaja jipu za kusukumwa na magurudumu yote manne, halafu pikipiki, ambayo hupita popote na haingoji mtu. Capri ikabaki uani, kuku wakatagia ndani yake. Ilipokuja vita ya 1996 tuling'oa viti vyake tukavificha. Kimoja ndicho nilichokalia usiku ule nikinywa chai.

Barieri ziko hata leo, lakini mvua haina habari nazo. Tangu Oktoba 2014, mauaji yalipoanza pande za Beni, mtu anayesafiri anauliza kwanza kama njia iko salama, wala hatazami juu. Wakati wa Ebola, kuanzia 2018 hadi 2020, tulisimamishwa tunawe mikono na kupimwa joto. Mwaka 2021 Kongo na Uganda walikubaliana kujenga kilomita 223 za barabara zetu, na kipande cha Beni na Butembo kimo. Naitaka lami hiyo kwa moyo wote. Nimewaona wajawazito wakikaa usiku kucha kwenye matope. Hata hivyo, nikisikia mvua juu ya bati, masikio yangu bado yanangoja ule mti kushushwa, kishindo chake kimoja kizito.

Na theluji ya Ruwenzori nayo inaondoka. Yule Mwitaliano, Duki wa Abruzzi, alipopanda kileleni mwaka 1906 barafu ilikuwa imetanda pakubwa; iliyobaki sasa ni sehemu ndogo. Nilipokuwa Beni mara ya mwisho niliamka alfajiri, nikaitafuta kwa muda mrefu.

Juzi kijana alipiga tena. Alikuwa ndani ya gari. Akaweka simu karibu na dirisha ili nisikie, na nikasikia: magurudumu yakikwaruza, yakizunguka bure, kisha yakinyamaza na kushika.

"Magunia?"

"Mawili, Papa."

"Vitesi?"

"Ya pili."

"Na viatu?"

Akanyamaza kidogo. "Papa, huku ni nyuzi kumi na nane chini ya sifuri."

"Basi vaa," nikamwambia. "Lakini vya soli nyembamba."