Joker, Majini na Hatia ya Binadamu

Wahakiki wetu wengi huvibeza vitabu vya katuni. Mimi siwezi, kwani naishi Kitengela, ambako sura ya Joker, adui wa Batman, hupita mbele yangu ikiwa imechorwa ubavuni mwa matatu ziendazo Nairobi, nayo huzuka pia katika tungo za wanafunzi wangu. Mmoja wao amempa asili mpya: jini aliyenunuliwa Pwani na tajiri mwenye tamaa, akaletwa bara ndani ya chupa.

Hadithi yenyewe imesukwa kwa ustadi (chupa ile ilinichekesha mno), na mwandishi wake ana watangulizi. Mwaka 2014 Scott Snyder na mchoraji Greg Capullo walianza kudokeza kwamba huenda Joker ameishi karne nyingi. Hata hivyo, tangu alipozuka mwaka 1940, kinachotisha katika mhusika huyu ni ubinadamu wake. Mwaka 1951 alielezwa kuwa mhalifu aliyejitosa katika taka za kemikali za kiwanda akitoroka. Mwaka 1988 Alan Moore akamfanya mchekeshaji aliyeshindwa kuikimu familia yake, kisha akayatilia shaka hata maelezo hayo.

Muhammed Said Abdulla alikwisha kutuonyesha njia hiyo. Katika Mzimu wa Watu wa Kale maiti yaonekana penye mzimu, na mzimu ungetosha kuwa jibu. Bwana Msa hautosheki nao, anamtafuta mtu. Sisemi kwamba mizimu ifukuzwe katika riwaya. Said Ahmed Mohamed, katika Babu Alipofufuka, anamfufua babu ili amkabili mjukuu mtawala kwa maovu yake mwenyewe. Huo ni mzuka unaoongeza hatia. Jini wa chupani anaipunguza.

Nchini Kenya jambo hili si la darasani tu. Mwaka 1994 iliundwa tume ya kuchunguza ibada za shetani, na ripoti yake ikafikishwa bungeni mwaka 1999. Wakati huo mabilioni ya Goldenberg yalikwisha kuchotwa, kwa hati na sahihi za watu. Tume ya kuyachunguza haikuundwa hadi mwaka 2003. Shetani alitangulia kwa miaka tisa.

Huku kwetu, tangu ranchi ya jumuiya ilipoanza kugawanywa katika miaka ya 1980, ardhi imeuzwa vipande vipande. Jirani yangu, mjane, alinunua ploti iliyokuwa imekwisha kuuziwa wengine wawili. Mtaa mzima ulikubaliana kwamba muuzaji anafuga majini, na tangu siku hiyo watu humpisha njiani. Sijasikia aliyeuliza ni nani aliyezigonga muhuri hati zote tatu. Mama huyo huenda kuombewa kila Ijumaa, na hati yake ameihifadhi ndani ya bahasha ya kaki, juu ya kabati.