"Mama Yake Alikuwa Wapi?"

Mtoto akifa maji, swali la kwanza la majirani huwa ni lile lile: mama yake alikuwa wapi? Huulizwa chini chini msibani, na mama mwenyewe hulibeba maisha yake yote.

Mwaka 2003, nchini Bangladesh, watafiti waliamua kulijibu swali hilo bila kumlaumu mtu. Walipita nyumba kwa nyumba, wakakusanya habari za watu zaidi ya 800,000. Ilionekana kwamba kuzama ni miongoni mwa vinavyoua zaidi watoto waliokwisha kutimiza mwaka mmoja. Wadogo wengi hawakuzama mtoni wala baharini. Walizama kwenye mabwawa madogo na mitaro iliyo hatua chache tu kutoka mlangoni, hasa kati ya saa tatu asubuhi na saa saba mchana.

Saa hizo mama alikuwa wapi? Alikuwa anapika, anafua, anaosha vyombo, ananyonyesha kichanga. Baba yuko shambani, kaka na dada wako shule. Hakuwa mzembe. Alikuwa peke yake, na mtoto anayejifunza kutembea hahitaji zaidi ya dakika chache kufika majini.

Ndiyo maana hawakuishia kumhubiria awe mwangalifu, bali walimpunguzia mzigo. Vijijini walichaguliwa akina mama, wakafundishwa huduma ya kwanza, wakawa wanakaa na watoto wapatao 25 kwa saa hizo nne, siku sita kwa wiki. Mahali hapo pakaitwa anchal, jina la pindo la sari. Kwa watoto waliopelekwa humo, vifo vya kuzama vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80.

Huku Afrika Mashariki nako kuna visima visivyofunikwa, ndoo za kufulia zilizoachwa na maji, na mashimo ya matofali yaliyojaa mvua. Mzazi, funika kisima, mwaga maji ya ndoo ukimaliza kufua. Kisha zungumza na jirani: leo watoto wakae kwako wakati yeye anapika, kesho wakae kwake. Baba akiwa nyumbani naye ashike zamu.

Na msiba wa namna hiyo ukitokea mtaani, mama yule aachwe alie. Swali la kuulizana wengine ni hili: ni nani angeweza kumshikia mtoto?