Farasi wa Ishirini na Moja

Wapenzi wa ushairi wataniwia radhi iwapo safari hii sikuwaletea beti wala tarjuma, bali orodha ya farasi. Kwa miaka mingi nimekuwa msomaji wa zile kurasa zinazotangulia mashindano makubwa ya mbio za farasi, ambamo mchambuzi huwaleta washindani mbele ya msomaji mmoja baada ya mmoja: akamtaja baba wa farasi na mama yake na babu mzaa mama, mbio alizokwisha kukimbia, mwalimu anayemfunza, mtu atakayempanda na mlango atakaotokea, kisha akaikadiria bahati yake kwa tarakimu. Sichezi kamari. Dini yetu imeruhusu farasi washindanishwe, ikakataza watu kuwekeana dau juu yao, na mpaka huo haujapata kunitaabisha. Ninachokitafuta katika kurasa hizo ni kile kile ninachokitafuta katika tenzi kongwe, pale mtunzi anapolipanga jeshi kabla ya vita na kumpa kila shujaa jina, nasaba na kipando chake. Hakuna upanga uliokwisha kuchomolewa, na tayari msikilizaji ameshachagua wake.

Sisi watu wa visiwani farasi tumemjua zaidi kwa masikio kuliko kwa macho. Mwengo bin Athumani wa Pate, ambaye Chuo chake cha Herekali kimetufikia kwa nakala ya 1728, aliimba vita vya wapanda farasi ilhali pwani yake mwenyewe ilikuwa ya jahazi na punda. Bara nako, mbung'o na maradhi yake hayakumwachia farasi nafasi ya kuenea. Hata leo mashindano ya Lamu ni ya punda, na yana ladha yake. Basi mimi nasoma habari za farasi kama aliyezaliwa jangwani anavyosoma habari za bahari.

Orodha ninayotaka kuifungua hapa ni ya Kentucky Derby ya tarehe 7 Mei, 2022. Mbio hizi hukimbiwa katika uwanja wa Churchill Downs, mjini Louisville, Marekani, tangu 1875, aghalabu Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei. Huingia farasi wa umri wa miaka mitatu tu, kwa hiyo kila farasi huipata fursa hii mara moja katika maisha yake. Masafa ni maili moja na robo, kiasi cha kilomita mbili, na muda wake ni dakika mbili au zaidi kidogo. Wanaoruhusiwa kupanga mstari ni ishirini, nao hupatikana kwa pointi zilizokusanywa katika mbio za miezi iliyotangulia.

Wachambuzi wa mwaka ule walimtanguliza Zandon, aliyekuwa ameshinda mbio za Blue Grass kwa kutokea nyuma. Wa pili wao alikuwa Epicenter, mshindi wa Louisiana Derby, farasi mtulivu ambaye rekodi yake haikuwa na doa la maana. Mwalimu wake, Steve Asmussen, alikuwa ameshinda mbio nyingi kuliko mwalimu yeyote wa Amerika Kaskazini, isipokuwa hii moja. White Abarrio, wa rangi ya kijivu, alileta ushindi wa Florida. Mo Donegal alikuwa na miguu ya masafa marefu, lakini kura ilimtupa mlango wa kwanza, ukutani kabisa, na tangu Ferdinand mwaka 1986 hakuna aliyekuwa ametokea humo akashinda. Kutoka Dubai walikuja wawili waliokutana kule mwezi wa Machi: Crown Pride wa Japani, aliyeshinda, na Summer Is Tomorrow, aliyefuata nyuma yake.

Na alikuwamo Taiba. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba Taiba ni jina la Madina, kwani amelisikia katika kasida tangu utotoni. Farasi huyu wa tajiri wa Kisaudi alikuwa amekimbia mara mbili tu maishani mwake, na zote alishinda, ya pili ikiwa Santa Anita Derby. Wachambuzi waliduwaa naye. Nani atamkadiria mtunzi mwenye shairi mbili, hata kama zote mbili ni nzuri? Walikumbushana kwamba wa mwisho kushinda Derby kwa mtaji wa mbio mbili alikuwa Leonatus, mwaka 1883. Hata hivyo fedha za watu zilimfuata.

Hapa naomba nitoke njiani kidogo, maana majina ndiyo yaliyonivuta kwenye fani hii. Sheria ya usajili wa Marekani humpa farasi jina lisilozidi herufi kumi na nane, na nafasi tupu huhesabiwa kuwa ni herufi. Sisi tuliofungwa na mizani kumi na sita za mshororo wa shairi tunaijua hali hiyo. Kulikuwa na farasi ambaye wenyewe walitaka kumwita mtangulizi wa mto Nile. Jina likazidi kwa herufi moja, wakaunganisha maneno mawili na kumwandika Pioneerof the Nile, na hivyo ndivyo anavyosomeka hadi leo. Mwanawe alikuwa American Pharoah, ambaye neno firauni katika jina lake liliendelezwa vibaya na likabaki hivyo hivyo, akashinda mbio zote tatu kubwa za mwaka 2015 pamoja na kosa lake la tahajia. Mwana mwingine wa baba huyo alikuwamo katika orodha ya 2022: Pioneer of Medina, herufi kumi na saba. Madina ilitajwa mara mbili katika mlango mmoja wa mbio, tena katika mji wa Kentucky. Mwenye kuzijua nasaba hatashangaa sana, kwa sababu farasi wote wa aina hii ya Thoroughbred, ukipanda kuumeni, hurejea kwa madume watatu waliofikishwa Uingereza kutoka nchi za Mashariki, na mashuhuri zaidi kati yao alinunuliwa Halab, akapelekwa huko mwaka 1704.

Narudi kwenye orodha. Katika kurasa nyingi zilizoandikwa wiki ile, jina la Rich Strike halikuwamo, au liliwekwa chini kabisa miongoni mwa wa akiba. Hiyo haikuwa dhuluma. Alikuwa amekimbia mara saba na kushinda mara moja. Ushindi huo mmoja aliupata Septemba 2021 katika zile mbio ambazo kila farasi anayeingia anauzwa kwa bei iliyotangazwa. Alishinda kwa zaidi ya urefu wa farasi kumi na saba, na alipovuka mstari alikuwa tayari amepata bwana mpya, kwa dola 30,000. Aliyemchagua alikuwa mwalimu Eric Reed, mtu wa mabanda madogo, ambaye Desemba 2016 moto ulimuunguzia farasi 23 katika usiku mmoja. Mpandaji, Sonny Leon kutoka Venezuela, alikuwa akijipatia riziki katika viwanja ambavyo kurasa kubwa hazivitaji.

Nasaba yake, hata hivyo, mchambuzi mwenye subira angeisoma mara mbili. Baba yake alikuwa Keen Ice, ambaye mwezi wa Agosti 2015, katika mbio za Travers, alimfunga yule American Pharoah mbele ya umati uliokuja kumshangilia. Mama yake alikuwa Gold Strike. Na Smart Strike alikuwa babu yake mzaa mama, na huyo huyo tena baba wa babu yake kuumeni. Neno hilo strike limenikesha. Ni pigo, na ni kule kuibukia dhahabu machimboni. Mchimbaji wao akigonga mwamba hutajirika; wetu akigonga mwamba amekwama. Hadi leo sijaridhika na tafsiri yoyote niliyomwandikia.

Farasi wa akiba huwa na haki ya kuingia iwapo mmojawapo wa ishirini atatolewa kabla ya saa tatu asubuhi ya Ijumaa. Ijumaa ile, dakika chache kabla ya saa hiyo, Ethereal Road alitolewa. Rich Strike aliingia na namba yake ya akiba mgongoni, 21, akapewa mlango wa nje kabisa. Makadirio yalipofungwa, bahati yake ilikuwa ni moja kwa themanini.

Mbio zenyewe zilianza, kwa saa zetu, karibu saa nane za usiku. Summer Is Tomorrow alitoka kama aliyeshtushwa, Crown Pride akimwandama, na robo maili ya kwanza ikakatwa kwa sekunde 21.78. Katika historia yote ya Derby hapakuwa na mwanzo wa kasi kama huo. Waliokuwa karibu nao walivutwa wakavutika. Rich Strike alikuwa huko nyuma karibu na mwisho, na Leon hakumharakisha. Walipopinda kona ya mwisho wale wa mbele walikuwa wamekwisha pumzi, na Epicenter na Zandon wakasogea kuamua shauri kati yao, kama ilivyoandikwa. Ndipo ukutani ukapita mwili mwekundu uliompita mmoja, akamkwepa Messier aliyekuwa akirudi nyuma, ukapata uwazi, ukawaacha wale wawili wakitazamana. Robo tatu ya urefu wa farasi. Tiketi ya dola 2 ililipwa dola 163.60. Summer Is Tomorrow alifika wa ishirini, na Taiba wa kumi na mbili. Mshindi naye, hata baada ya kushinda, alikuwa bado vitani: alimng'ata farasi aliyetumwa kumsindikiza, na picha za kumdhibiti zilizunguka kuliko za ushindi wenyewe.

Miezi michache baadaye, katika baraza moja ya washairi, nilisimulia kisa hiki, na rafiki yangu akanipiga begani. "Maalim," akasema, "wewe ndiye farasi wetu wa ishirini na moja." Alikusudia wema. Wanajua kwamba sikuingia chuo kikuu, kwamba lugha ninazotafsiri nilizipata madrasa na katika kamusi iliyokwisha kuchanika jalada, na kwamba mhariri mmoja wa mkusanyiko wa mashairi aliwahi kuniuliza cheti kabla ya kuniuliza shairi. Nikamshukuru, lakini sikuipokea ile sifa. Nafikiri kisa kinasomwa kinyume. Rich Strike hakushinda kwa sababu alidharauliwa. Alishinda kwa sababu farasi wawili walikimbia mno mwanzoni, na kwa sababu mwalimu wake alimtayarisha kwa masafa yale, na mpandaji wake alijua kungoja. Kutotajwa hakumwongezei mtu pumzi. Nimesoma mashairi mengi ya watu wasiotajwa, yangu yakiwamo, na mengi yao yalistahili kuachwa pale yalipoachwa.

Kuna kutotajwa kwa namna nyingine, na huko ndiko ninakokuonea uchungu. Katika Derby ya kwanza kabisa, mwaka 1875, wapandaji kumi na watatu kati ya kumi na watano walikuwa watu weusi, na mmoja wao, Oliver Lewis, ndiye aliyeshinda akiwa juu ya Aristides. Isaac Murphy alishinda mara tatu. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902. Baada ya hapo waliondoshwa, kwa fitina za wapandaji wenzao na woga wa wenye farasi, na Winkfield akaenda kutafuta heshima yake Urusi na Ufaransa. Hao hawakuachwa nje kwa upungufu wa pointi. Rafiki yangu alipolinganisha ya kwangu na ya Rich Strike, niliwafikiria wao, nikaona hata kulalamika kwangu juu ya yule mhariri ni anasa.

Wanaokisoma kisa hiki kinyume zaidi ni vijana wetu, ambao siku hizi hukaa barazani na simu wakitafuta mpira wa kuwekea dau. Nimewaona wakiipenda mno ile hesabu ya moja kwa themanini. Nimejaribu kuwaeleza kwamba tarakimu hiyo ni kauli ya watu wengi waliosoma kwa makini, na kwamba kauli hiyo haikuwa ya kipumbavu. Mmoja akanijibu, "Shikamoo, mzee, lakini alishinda." Nilimuitikia shikamoo yake. Hoja iliyobaki sikuwa na la kuifanya, kwa kuwa ni kweli alishinda, na kijana anayesoma ukurasa kwa kutazama fedha huona mstari mmoja tu.

Mimi niliendelea kuwafuata wale ishirini na mmoja mwaka mzima, kama msomaji anayetaka kujua iwapo mchambuzi alikuwa na jicho. Rich Strike alikimbia tena na tena, na hakushinda tena. Mo Donegal alishinda Belmont mwezi wa Juni. Tarehe 27 Agosti, 2022, walikutana wengi wao katika Travers, mbio zile zile alizozitikisa Keen Ice miaka saba kabla. Epicenter alishinda, na mwisho wa mwaka akatawazwa kuwa dume bora wa umri wake. Wa pili alikuwa Cyberknife, wa tatu Zandon. Mwana wa Keen Ice alifika wa nne.