Kutoka Mafinga hadi Ifakara na Msumeno wa Mota

Mtu atokaye Iringa kwa barabara kuu iendayo Mbeya hufika Mafinga baada ya yapata kilometa 80. Hapo yuko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kama ni mwezi wa Juni au Julai hatajuta kuchukua koti lake. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba mpaka jua lipande. Akiendelea mbele kuelekea Makambako atauona msitu wa Sao Hill, ambao ni mkubwa kupita misitu yote ya kupandwa katika Tanzania. Miti ya majaribio ilianza kupandwa huko tangu 1939, na kazi kubwa ikafuata miaka ya 1960 na 1970. Mingi ni misonobari, ambayo wenyeji huiita mipaini, na asili yake ni milima ya Meksiko. Mingine ni mikaratusi iliyotoka Australia. Siku hizi watu wa vijijini nao hupanda yao, huyu eka mbili, yule eka kumi, na ada ya shule ya mtoto mara nyingi hutoka katika miti hiyo.

Basi msituni na vijijini huko husikika sauti mbili. Moja ni ya mashine ndogo za kupasulia mbao ambazo wenyeji huziita dingdong. Nyingine ni ya msumeno wa mota, au kama vijana wasemavyo, chenso.

Wengi wa wakataji hawana msumeno mpya. Wanao wa zamani, uliokwisha pita mikononi mwa watu watatu au wanne. Aina ya Stihl 070, kwa mfano, ni mashine nzito yenye silinda ya zaidi ya sentimeta 100 za ujazo, nayo imejulikana Afrika kwa miaka mingi. Sababu ya kuipenda si ushamba. Fundi aliyekaa chini ya mti huweza kuifungua yote kwa spana chache na bisibisi. Misumeno ya kisasa mingine hurekebishwa kwa vifaa vya umeme, na fundi wa kijijini hana la kufanya nayo.

Lakini kuna jambo linalowasumbua watu hawa, nalo ndilo lililonifanya niandike habari hizi. Kazi ikipungua Mufindi, wakataji huteremka bonde la Kilombero, kwenye mitiki na miti mingine ya joto. Msumeno uliofanya kazi miaka sita huko juu bila neno, ukifika bondeni hufa kwa juma moja. Watu husema umechoka, au mwenye kuuza petroli amewadhulumu. Mara nyingi ni hewa tu. Nitaeleza, ila kwanza tuutazame msumeno ukiwa bado Mafinga, maana aliye mgonjwa asisafirishwe.

Msumeno usiowaka hutaka vitu vitatu tu: petroli, cheche na hewa. Fundi mzuri huanza na petroli. Injini hii haina oili yake ya pembeni kama ya gari. Oili huchanganywa na petroli ndani ya tangi. Misumeno mingi ya zamani hutaka sehemu moja ya oili kwa sehemu 25 za petroli, yaani lita 5 kwa mililita 200. Kwa oili nzuri ya kisasa ya injini za namna hiyo viwanda vingi huruhusu moja kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5. Oili ya gari haifai kabisa. Tena mchanganyiko uliokaa dumuni zaidi ya mwezi umeharibika, usitiwe.

Ndani ya tangi mna mpira mwembamba, na mwisho wake kichujio kidogo. Kivute nje kwa waya uliopindwa. Kikiwa cheusi, badilisha. Mpira ukipasuka, badilisha. Kuna na ugonjwa mmoja unaowadanganya wengi: msumeno unawaka vizuri, baada ya dakika kumi unazimika, ukifungua kifuniko cha tangi na kukirudisha unawaka tena. Hapo hakuna kilichovunjika. Tundu la kupitishia hewa tangini limeziba kwa vumbi la mbao, na dawa yake ni kulizibua tu.

Kisha plagi. Ifungue uitazame rangi. Ikiwa ya kahawia, injini ina afya. Ikiwa nyeusi na imelowa, petroli inaingia nyingi mno au kichujio cha hewa kimeziba. Ikiwa nyeupe kama majivu, petroli ni haba, na hiyo ni hatari kubwa. Nafasi ya kurukia cheche iwe nusu milimeta. Ukitaka kuona cheche, gusisha mwili wa plagi kwenye chuma cha silinda, mbali na tundu lake, uvute kamba ukiwa kivulini. Isipoonekana, na msumeno ni wa zile aina za kale zenye platini, pitisha kipande cha karatasi ngumu safi katikati ya platini hizo. Mara nyingi uchafu ndio uliozuia.

Msumeno uliolowa kwa kuvutwa mno una tiba rahisi. Toa plagi, zima swichi, geuza msumeno kichwa chini, vuta kamba mara sita au saba, kausha plagi, rudisha. Kichujio cha hewa nacho kikung'utwe kila jioni. Vumbi la msonobari lina utomvu, na utomvu hauondoki kwa kupuliziwa na mdomo. Kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kikauke usiku.

Ikiwa hayo yote ni mazuri na bado haiwaki, tazama kabureta. Ndani mna kingozi cha mpira kilicho chembamba kama karatasi, ambacho huvuta petroli kwa kutikisika. Miaka ikipita hukauka na kuwa kigumu. Kikunje kwa vidole: kikilia kama jani kavu, kazi yake imekwisha.

Nawaambia pia wale wanunuao msumeno uliotumika, wasiridhike na rangi yake. Muombe mwenye mali aifungue ekzosi, bolti mbili au tatu tu, uchungulie pistoni kwa tundu hilo. Ikiwa laini, nunua. Ikiwa na mikwaruzo ya kutoka juu kwenda chini, imekwisha ungua. Tena shika mpini wa kamba, uuinue msumeno wote uning'inie: ukishuka polepole kwa vituo, mbano wa silinda ni mzuri, ukianguka kama ndoo kisimani, mwachie mwenyewe.

Sasa mnyororo. Hadi miaka ya 1940 minyororo ilikuwa na meno kama ya msumeno wa mkono, yaliyoziba upesi na kutaka kunolewa kila saa. Mkataji mmoja wa Oregon, Marekani, jina lake Joseph Cox, alikuwa akipasua kuni akamwona funza wa mdudu wa mbao akila gogo. Akaona kwamba taya zake mbili zinakata kulia na kushoto, hazichimbi mbele tu. Akatengeneza mnyororo wenye meno yaliyopinda kwa mfano huo, akaanza kuuza 1947. Minyororo yetu ya leo, hata ile ya Mafinga sokoni, imetokana na funza yule. Wakulima tumezoea kumwua funza bila kumtazama!

Jino hilo hunolewa kwa tupa ya duara, na unene wa tupa ufuate mnyororo: milimeta 4.8, 5.2 au 5.5, kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Sukuma mbele tu, usirudi nayo, kwa mshazari wa yapata nyuzi 30. Noa meno yote ya upande mmoja, halafu ya upande wa pili, kwa hesabu moja ya kusukuma. Msumeno unaokata upinde una meno marefu upande mmoja kuliko mwingine. Si mkono wa mkataji. Mbele ya kila jino pana kidole cha chuma kinachopima kina cha kukata. Hicho nacho hupunguzwa kwa tupa bapa, kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimeta 0.65 hivi. Wapo wanaokipunguza mno ili msumeno ule haraka. Hao wanatafuta jeraha.

Mnyororo mzuri hutoa vipande vya mbao kama vya randa. Ukitoa unga, umekuwa butu. Ubapa wa chuma unaobeba mnyororo ugeuzwe chini juu kila unaponoa, mfereji wake ukwanguliwe, na tundu la oili lizibuliwe. Oili chafu iliyomwagwa kutoka injini ya gari isitiwe hapo, kwani ina chembe za chuma zinazosaga mnyororo na pampu.

Misumeno mingi iliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1970 haina breki ya mnyororo. Ncha ya ubapa, sehemu yake ya juu, ikigusa tawi au gogo, msumeno huruka nyuma kuelekea uso wa mkataji kwa upesi usiozuilika na mkono. Mwenye msumeno wa namna hiyo asikate kwa ncha kamwe, asiinue juu ya mabega, na dole gumba lizunguke mpini wa mbele. Zaidi ya hayo, kama mnyororo unazunguka wakati injini inanguruma polepole, kazi isianze. Punguza mwendo kwa skrubu ya tatu ya kabureta. Usiposimama, chemchemi za klachi zimelegea.

Nimetaja skrubu ya tatu. Mbili nyingine zina alama: L ya mwendo mdogo na H ya mwendo mkubwa. Mwanzo wake huwa ni kuzifunga zote polepole mpaka zishike, kisha kuzifungua mzunguko mmoja mmoja. Hapo ndipo tunapofika kwenye habari ya hewa.

Juu ya Mafinga hewa ni nyepesi, pungufu kwa karibu sehemu moja katika tano kuliko ya pwani. Kwa hewa haba injini hutaka petroli haba. Kwa hiyo fundi wa Mafinga hufunga H kidogo, naye afanya sawa. Sasa mwenye msumeno apanda treni ya TAZARA hapo Makambako. Reli hiyo, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, yateremka ukingo kwa madaraja na mahandaki mengi hadi Mlimba, na mtu aliyepanda na blanketi hushuka akitafuta kivuli. Tangi liwe limemwagwa na kukaushwa kabla ya safari, maana petroli si mzigo wa behewa la watu. Ifakara iko chini ya mita 300. Hewa ni nzito, lakini H ni ile ile ya mlimani. Petroli haitoshi, na oili iliyomo ndani yake haitoshi pia, joto nalo ni kali. Msumeno hulia sauti nyembamba ya juu, mkataji hufurahi kwamba umepata nguvu mpya, na pistoni inashika silinda.

Kinga yake haina gharama. Siku ya kwanza bondeni, kabla ya kugusa mti, washa msumeno upate moto. Vuta moto wote ukiwa nje ya gogo na usikilize. Ukilia safi kama filimbi, fungua H kidogo, sehemu ya nane ya mzunguko, kwa kugeuza kinyume cha saa. Usikilize tena. Endelea hivyo mpaka sauti iwe nzito, yenye kugugumia kidogo. Kisha uingize ndani ya gogo, nayo yapasa kuwa safi. Baada ya magogo mawili matatu toa plagi, utafute ile rangi ya kahawia.

Siku ya kurudi Mafinga msumeno huohuo utatoa moshi na kukosa nguvu. Hapo H irudishwe kidogo kidogo kwa mwendo wa saa, na sikio lile lile.