Hija ya miguu: Nilivyomponza mama yangu

Ukiona watu wamebeba mikoba na rozari kando ya barabara ya kuelekea Busia mwishoni mwa mwezi wa Mei, usidhani wamekosa nauli. Hao ni mahujaji wanaokwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya mashahidi ambayo huadhimishwa kila tarehe 3 Juni.

Siku hiyo mwaka 1886, Charles Lwanga na wenzake walichomwa moto mahali hapo kwa amri ya Kabaka Mwanga, baada ya kutembezwa wakiwa wamefungwa kutoka Munyonyo. Mashahidi 22 Wakatoliki walitangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita mwaka 1964. Waanglikana nao huwakumbuka mashahidi wao 23 papo hapo Namugongo. Kwa kuwa mashahidi walikwenda kwa miguu, wapo waumini wanaoona haifai kufika huko wameketi ndani ya basi.

Mmoja wao ni mama yangu. Ndugu yangu mdogo alipougua hadi tukakata tamaa, mama aliweka nadhiri kwamba mwanawe akipona, atakwenda Namugongo kwa miguu. Ndugu yangu alipona. Mwaka 2019, akiwa na umri wa miaka 61, mama alisema wakati wa kulipa umefika.

Parokia yetu ilikuwa ikiandikisha watu. Msafara ungekuwa na kiongozi, muuguzi na pikapu ya kubeba mizigo. Mimi nikaona huo ni usumbufu. Nani anataka kuamshwa saa kumi alfajiri na kupangiwa mahali pa kunywa chai? Nikamwambia mama tutakwenda wawili tu. Nikachukua kalamu: kutoka Busia ni kama kilomita 200, tukitembea 40 kwa siku, siku ya tano tumefika. Kumbe hesabu ya karatasini haina malengelenge!

Siku ya kwanza tulifika Bugiri giza limeingia, malori yakitupita karibu kutugusa. Siku ya pili mama alianza kubaki nyuma. Nikimwuliza kama yu mzima, hunijibu, "Twende, mwanangu." Nilipotaka kuita bodaboda alinitazama kana kwamba nimemtukana. Ukweli ni kwamba sikusisitiza. Nilikuwa nimejigamba mno nyumbani.

Karibu na Iganga aliketi chini, asiinuke. Hapo tulikutwa na kundi la mahujaji kutoka Kenya. Mwanamke aliyewaongoza hata hakunisalimu. Alipiga magoti akamvua mama viatu. Soksi zilikuwa zimegandamana na damu.

"Dada, leo hutembei," alimwambia.

Mama alibisha kwamba ana nadhiri. Yule mwanamke akamjibu kuwa nadhiri ameisikia, na gari ni lile pale. Mama akapanda huku akilia. Mimi mwanawe wa kumzaa nilikuwa nimeshindwa kutamka maneno hayo matatu tangu asubuhi.

Ndiyo sababu, ndugu msomaji, ukiniuliza kama ni heri uende na msafara ama ujipangie mwenyewe, nami nitakuuliza: ni nani atakayekuzuia? Mwenye nadhiri akiachwa na moyo wake hutembea hata pale anapopaswa kupumzika. Akienda na jamaa yake, kila mmoja huogopa kumvunja mwenzake moyo. Kiongozi asiye wa ukoo wenu haogopi.

Hata hivyo, wapo wasioweza kufuata ratiba ya wengine. Ikiwa wewe ni mmoja wao, usirudie kosa langu. Panga kilomita 25 kwa siku, si 40. Yaani ondoka Busia siku nane au tisa kabla ya sikukuu. Anza mazoezi miezi miwili mapema, ukivaa raba zile zile utakazosafiri nazo, kwani viatu vipya ndivyo adui. Tembea upande wa kulia wa barabara ili uyaone magari yanayokuja, na jua likitua, uwe umepata pa kulala. Beba kitambulisho, cheti cha chanjo ya homa ya manjano, soksi za kubadilisha na nailoni ya kujifunika, maana mvua huwa haijaisha. Kisha teua mtu wa kumpigia simu kila jioni, umweleze hali ya miguu yako bila kuficha. Akikuambia pumzika, pumzika.

Mama alikaa ndani ya pikapu siku tatu. Alivuka mto Nile pale Jinja akiwa ameketi juu ya magunia ya mizigo, miguu imefungwa bendeji. Tulipofika Mukono aliomba kushuka, na kipande cha mwisho alikitembea kwa ndara, ameshika mkono wa yule kiongozi. Mkono wangu hakuutaka.

Mpaka leo hajaridhika. Husema bado ana deni la barabara kutoka Iganga hadi Mukono. Jumapili iliyopita nilipita kwenye ubao wa matangazo kanisani, nikakuta jina lake katika orodha ya msafara wa parokia. Hakuwa amenishauri.

Niliazima kalamu, nikaandika langu chini yake.