Mchanga wa Chini ya Tangi

Nilikuwa nimewaahidi sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itasubiri. Leo nina habari ya mchanga.

Hapa Voi tuko karibu kilomita 150 kutoka Mombasa, lakini sebuleni kwangu kuna bahari ya lita 120: tangi la kioo, pampu, maji ya chumvi, na samaki wale ambao watoto huwaita Nemo. Kilichonitoa jasho ni mchanga wa kutandika chini.

Nilianza na wa bure, wa Mto Voi. Nikauosha, nikatia kijiko kimoja kwenye siki. Kimya. Nikapitisha sumaku, chembe nyeusi zikang'ang'ania. Si ajabu: mto huu unasaga mawe magumu ya vilima vya Taita, yenye madini ya chuma. Tangi la bahari linapendelea mchanga wa kalisiamu kaboneti, yaani uliotokana na matumbawe na makombe, kama ule mweupe wa Diani.

Basi si ukachote Diani? Sikutaka. Kwenye hifadhi za bahari, mchanga na matumbawe haviguswi, na ufuo ukichotwa na kila mtu utabaki nini?

Nikapata vipande vya marumaru kwa fundi wa mawe. Siki ikatoa povu! Jaribio limepita, nikasema. Nikatandika kokoto kubwa kama punje za mahindi, unene wa sentimita 5, nikaleta samaki wawili.

Baada ya wiki chache amonia ikapanda. Chakula kilikuwa kinadondoka katikati ya kokoto, mahali ambapo samaki hawafiki, kinaozea humo. Jumapili asubuhi binti yangu akaniita: "Baba, mbona huyu amelala ubavu?" Ana miaka sita. Sikuwa na jibu la kumpa.

Waandishi wa programu mtanielewa. Jaribio langu lilipita kwa sababu lilipima jambo moja tu. Siki inakuambia jiwe lina kaboneti. Haikuambii lolote kuhusu ukubwa wa chembe. Tena hata hiyo kaboneti nilikuwa nimeitegemea kupita kiasi. Marumaru ni kalsaiti, ambayo huyeyuka kwa shida kuliko aragonaiti, na kwenye maji yenye pH ya 8.2 zote mbili hazikusaidii sana. Kinachoshikilia pH ni kubadilisha maji bila uvivu.

Sasa nimetandika mchanga wa aragonaiti, chembe za milimita 1 hadi 2, unene wa sentimita 3. Niliuagiza Mombasa, ukaja kwa basi, na bei yake ilizidi ya samaki wote wawili. Mabaki ya chakula yanakaa juu ambapo nayaona, nayavuta kwa mpira kila wiki. Amonia imerudi sifuri.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kama mchanga unatoa povu, uliza chakula kitaangukia wapi.

Samaki aliyebaki amejichimbia kishimo kando ya jiwe. Binti yangu ndiye anayempimia chakula siku hizi, kidogo kidogo, na hakubali nimsaidie.

Hifadhidata wiki ijayo, Mungu akipenda.